Noah ya zamani au Townace? Anza na siti ya nyuma

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mbeya: harusi, sendofu, kipaimara, misiba. Zamani watu walikuwa wananiuliza bei ya sahani tu. Siku hizi wanaongeza na la gari: "Mama Neema, nina hela ya gari moja, kati ya Toyota Noah na Toyota Townace nichukue ipi?" Wanaouliza wanafanana. Wana biashara inayobeba vitu, nyumbani kuna watu sita au saba, na jumapili wote wanataka kwenda kanisani pamoja. Townace nimeifanyia kazi msimu mzima wa harusi, ilikuwa ya shemeji yangu. Noah ndiyo yetu mpaka leo. Kwa hiyo nina upande wangu na sitauficha.

Kwanza tuelewane kwenye majina, maana hapa mjini kila gari lenye mlango wa kusukuma watu wanaliita Noah. Ninayoisema mimi ni ile ya zamani, toleo la SR40, la miaka ya 1996 hadi 2001, injini ya 3S lita 2, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Iliyokuja baada yake, AZR60 na pacha wake Voxy, inavutwa na tairi za mbele. Kwenye lami haina neno, ila ijaze mzigo nyuma halafu uipandishe kwenye utelezi wa Rungwe, utaona tairi za mbele zinavyochimba palepale. Townace nayo ni ile ya S402, iliyoanza 2008, cc 1500, ambayo ilitengenezwa na Daihatsu kule Indonesia. Nayo inasukuma kwa nyuma, na injini iko chini ya siti za mbele kama ilivyo kwenye Noah.

Watu wengi wakienda kuangalia gari hufungua mlango wa nyuma, wanatazama nafasi ya mzigo, wanaguna kwa kuridhika. Mimi nakuambia fungua mlango wa pembeni, kaa siti ya nyuma, funga mlango, na ukae humo hata robo saa. Townace imesajiliwa Japani kama gari la mzigo, na sheria yao inataka eneo la mzigo liwe kubwa kuliko eneo la abiria. Ndiyo maana siti ile imebanwa mbele, mgongo wake umesimama wima, na povu lake ni jembamba. Haikusahaulika kiwandani, imewekwa vile kwa makusudi, kwa ajili ya mafundi wanaokwenda saiti na kurudi.

Tulimpakia mama mkwe kwenye ile Townace, tunatoka Uyole kwenda Tukuyu. Mpaka Isongole alikuwa anaimba. Tulipokaribia Kiwira akanyamaza, kisha akanigusa bega: "Mwanangu, nishusheni hapa ninyooshe magoti, halafu mtanipakia tena pamoja na magunia yenu." Mume wangu alicheka, mimi sikucheka, kwa sababu ndiye tunayempeleka kliniki kila mara. Gari tupu lile huruka kwenye kila tuta. Likibeba mzigo linatulia, lakini mgongo wa siti unabaki ule ule.

Noah ilizaliwa kubeba watu. Siti ya kati ina povu, mgongo unalala, mtoto anasinzia bila shingo kuning'inia. Ya nyuma kabisa inakunjwa kwenda pembeni, ingawa ikikunjwa hivyo inakula upana. Mimi nilimwambia fundi afungue bolti aitoe kabisa, ikae stoo, irudi krismasi tunapokwenda kijijini. Hapo masufuria makubwa yanaingia, viti vya plastiki vinapangwa mpaka juu, na bado watu watano wamekaa kama watu. Mlango wa kusukuma ni mmoja tu, wa kushoto. Townace inayo pande zote mbili, na siku mmebanwa na geti la ukumbi utautamani sana ule wa pili.

Sasa uzito. Hapa Townace inashinda. Mlango wake wa nyuma una kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu inayoishia na kg. Wengi hukibandua wakidhani ni urembo, kumbe ndicho kinachokuambia gari linabeba kiasi gani. Kwenye Townace ya shemeji kiliandikwa 750. Ukikuta na tarakimu nyingine ndogo kwenye mabano, hiyo ni ya siku ambayo siti za nyuma zina watu. Kilo 750 ni mifuko 15 ya saruji. Ukiikunja siti ya nyuma unapata zaidi ya mita 2 za sakafu tambarare, unamwaga maji, unasugua, harufu ya samaki inaisha. Noah haina kibandiko hicho. Wajapani huhesabu abiria mmoja kilo 55, kwa hiyo watu wanane ni kilo 440. Wakikaa wanne, ya mzigo imebaki kama 220, na kwa miili yetu ya Kinyakyusa toa tena kidogo. Kazi yangu inachukua nafasi kubwa lakini si nzito sana: masufuria, vitambaa, viti, hotpoti. Anayeshusha viazi kutoka Isyonje kuleta Mwanjelwa kila alfajiri, au anayeuza saruji na nondo, asinisikilize mimi. Achukue Townace, na familia izoee.

Tena mtu akiniambia "watoto watakaa nyuma kwenye mzigo, ni karibu tu", hapo tunagombana. Sufuria la chuma likiteleza gari linapofunga breki halichagui pa kugonga. Na mtungi wa gesi usisafiri kwenye chumba kimoja na watoto, hata kama valvu umeifunga kwa mikono miwili. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, pale pale walipo wadogo. Mimi mitungi naituma na bajaji ya mizigo. Ni gharama, najua.

Milima ndiyo inayotutofautisha na watu wa Dar. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Townace ina nguvu ya farasi 97 kwenye karatasi, huku kwetu unabaki na kama 80. Noah ina 130, unabaki na kama 108. Ukitoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje na mzigo, Townace inalia gia ya pili na malori yanakupigia honi. Ukiichukua, tafuta ya manyuo, usimkabidhi otomatiki kazi hiyo. Kwenye kushuka sheria ni moja kwa zote mbili: gia ndogo, injini ikushike, breki uzihifadhi. Ukinusa harufu ya breki pedi umeshachelewa.

Mafuta ni kinyume chake. Kwa uendeshaji wangu Noah inakwenda kama kilomita 8 kwa lita, Townace 10 na ushee. Kwa anayezunguka mjini kila siku hiyo ni hela ya ada ya shule. Pia 3S ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye gari la mkononi ambalo kilomita zake huziamini, badilisha siku unapolinunua. Townace ina cheni badala ya mkanda huo. Spea za Noah zipo kila kona, za mtumba na mpya, na fundi wa chini ya mwembe anaifahamu. Za Townace zinapatikana pia, ila nyingine utaambiwa usubiri basi la kutoka Dar.

Ugonjwa wa Noah ni kuchemsha. Si kwa ubaya wa injini, ni umri: gari ina zaidi ya miaka 20, rejeta imejaa kutu kwa sababu mwenye nalo wa kwanza alijaza maji ya bomba, wa pili akaendeleza, na kwa kuwa injini imefichwa chini ya siti hakuna aliyefungua kuangalia. Ukienda kununua, mwambie muuzaji anyanyue siti. Kagua kama mipira ya maji imevimba, kama kuna kutu kwenye viungio. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa ya baridi: ukiona utelezi mweupe wa maziwa chini yake, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha, rudi nyumbani.

Nenda asubuhi na mapema, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Gari lililopashwa moto linaficha mengi, na baridi yetu ya Juni inasema ukweli. Sikiliza inavyowaka, tazama moshi. Kisha ingieni watu wa kutosha, teremkeni hadi Mbalizi, geuzeni, mpande Iwambi bila kupumzika. Macho yako yawe kwenye mshale wa joto. Ukifika juu usizime, iache ingurume dakika kadhaa usikilize kama feni inafanya kazi. Ndipo ukalinganishe namba ya chesisi na kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayepokea hela. Kwa bima, waeleze wazi kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, maana bima ya gari binafsi na ya biashara si kitu kimoja, na siku ya ajali hawatakuuliza kwa upole.

Dalali atakwambia mlima hauhitajiki, kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Tunduma na hela mkononi. Mwache amsubiri.