Presha za mlimani: kwa mnaoanza kuongoza wageni

Wadogo zangu mliopata leseni msimu huu, njia zenyewe hazitawasumbua, maana wengi wenu mmezipita na mizigo mgongoni. Kitakachowasumbua ni presha.

Anzeni na ya hewa. Wengi huwaambia wageni kwamba juu hakuna oksijeni. Si kweli. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, iwe hapa Moshi mjini au Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kileleni hubaki karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mkifika kambi ya Kibo, mwonyesheni mgeni pakiti yake ya biskuti ilivyovimba. Ataelewa bila hotuba. Wapishi wanalijua hili siku nyingi: maji kule huchemka kabla ya nyuzi 90, na maharage hayaivi. Mwili nao unahitaji kuizoea hewa hiyo, ndiyo sababu njia ya Machame mnapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha mnateremka kulala kambi ya Barranco.

Ya damu haina mengi. Mgeni aulizwe faraghani tangu hotelini kama ana presha na kama dawa anazo. Zikae kwenye begi lake dogo, si kwenye mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, aliyetangulia kambini.

Inayonitisha zaidi ni presha ya kufika. Mgeni amelipa maelfu ya dola na ameshawatangazia ndugu zake. Nawe unawaza tipu na bosi. Hapo maumivu ya kichwa huanza kuitwa uchovu. Msikubali! Kichwa kikiuma, akawa na kichefuchefu na chakula kikamshinda, asipandishwe zaidi mpaka apate nafuu. Akihema hata akiwa amekaa, au akiyumba na kuongea mambo yasiyoeleweka, anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na kilele kimebaki kidogo. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, lakini namba nzuri isiwazuie kuamini mnachokiona.

Haya yasemwe siku ya kwanza, langoni, mgeni akiwa na akili timamu: uamuzi wa kushuka ni wa kiongozi. Na kabla ya usiku wa kilele, pangeni kabisa msaidizi gani atashuka na mgonjwa, ili kundi linaloendelea lisikose mtu wa kuliongoza.