Kata kwenye karatasi kabla hujakata paipu

Kwa miaka mingi kona ya karakana yangu ilikuwa na pipa la vipisi vya skwea paipu: futi moja, futi mbili, vingine hadi futi nne. Kila nikilitazama nilijiambia vitafaa siku moja. Havikufaa. Viliondoka kwa kilo, kwa bei ya chuma chakavu.

Chukua kazi moja ya grili. Nilihitaji vipande 10 vya mita 2.3, 10 vya mita 1.8 na 10 vya mita 1.3. Paipu ni ya mita 6. Zamani ningekata saizi kwa saizi: paipu 5 kwa vile virefu, 4 kwa vya kati, 3 kwa vifupi. Jumla 12.

Sasa jumlisha urefu wote: mita 54. Gawa kwa 6, unapata 9. Paipu 9 zingetosha tu kama jiwe la grenda halili chuma, na linakula, kwa hiyo chini ya 10 haiwezekani. Hii ndiyo hesabu ninayoanza nayo siku hizi, kabla hata sijamtajia mteja bei.

Kuzifikia 10 si vigumu. Katika kila paipu toa kimoja cha kila saizi: 2.3 na 1.8 na 1.3 ni mita 5.4. Paipu 10, kazi imekwisha, ila umebaki na vipisi kumi vya karibu sentimita 60. Au anza na virefu, na kila kipande kipya kitafutie nafasi kwenye paipu ulizokwisha kuzianza kabla hujagusa nyingine. Hapo paipu tano zinatoa 2.3 mbili na 1.3 moja, tatu zinatoa 1.8 tatu tatu. Moja inatoa 1.8 moja na 1.3 tatu, ya mwisho inatoa 1.3 mbili tu na kukuachia mita 3.4 nzima. Paipu ni zilezile 10, lakini mita 3.4 ni mtaji wa kazi ya kesho. Iandike urefu kwa chaki uisimamishe ukutani. Usiitupe pipani.

Niliiamini kanuni hiyo ya virefu kwanza kama dini, mpaka ikaja kazi ya vipande 10 vya mita 2.5 na 20 vya mita 1.7. Virefu kwanza: viwili viwili, paipu 5, kila moja ikibakiza mita moja isiyoingia kitu. Vifupi: vitatu vitatu, paipu 7. Kumi na mbili! Lakini 2.5 na 1.7 na 1.7 ni mita 5.9. Paipu 10 zinatosha.

Hapo nikaacha kuhesabu vipande nikaanza kuhesabu mikato, yaani namna zote ambazo paipu moja inaweza kugawanywa. Swali linageuka: kila mkato nirudie mara ngapi ili nipate idadi zote kwa paipu chache? Hii ni hesabu ya watu wakubwa. Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad huko Urusi, aliandika juu ya kupunguza mabaki ya ukataji mwaka 1939, na mwaka 1975 alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi. Shida ni kwamba saizi zikizidi, mikato inafika maelfu na mamilioni. Mwaka 1961 Gilmore na Gomory wa kampuni ya kompyuta ya IBM walionyesha huhitaji kuiorodhesha yote. Unaanza na michache, hesabu inakipa kila kipande thamani yake, yaani sehemu ya paipu kinayogharimu, kisha unatafuta mkato mmoja ambao thamani ya vipande vyake ikijumlishwa inazidi paipu moja. Ukiupata, uongeze, urudie. Usipoupata, simama, kisha kilichobaki ni kuhakikisha mikato inatoka namba nzima.

Kwa saizi tatu au nne kalamu inatosha. Zikifika sita, andika mikato kwenye jedwali la Excel au LibreOffice Calc na utumie Solver, kifaa kilichomo cha kutafuta jibu bora. Usisahau kuiambia majibu yawe namba kamili, maana bila hivyo itakupangia urudie mkato mara mbili na nusu bila haya. Na kila kipande kiongezee milimita 3 za jiwe. Paipu ya mita 6 haitoi vipande vinne vya mita 1.5, niliwahi kumwahidi mteja hivyo.

Ile kazi ya grili nayo ilinipa somo. Nilinunua paipu 10 na mpango ukiwa mfukoni. Kijana wangu akakata 2.3 mbili, akaniita.

"Fundi, hii ya tatu inapelea."

"Inapelea ngapi?"

"Kama sentimita kumi na moja."

Paipu zilikuwa za mita 5.8. Bidhaa zinazosafirishwa kwa kontena la futi 20 mara nyingi hukatwa hivyo ziweze kuingia, kwani ndani lina kama mita 5.9. Tukarudi kwenye ule mpango wa kimoja kimoja, mita 5.4, paipu nane. Ya kumi ikatoa 1.8 mbili na 1.3 moja. Tukakosa kipande kimoja cha 1.3, na kipisi cha ile ya kwanza kilikuwa na mita 1.19. Nikarudi dukani kununua ya kumi na moja, safari hii na futi mkononi.