Mpe mtoto sehemu yake ya manunuzi na fedha yake

Dada, umeuliza namna ya kumsaidia mwanao wa darasa la tatu, ambaye hesabu za daftarini anazipata, lakini akitumwa gengeni anarudi bila kujua amelipa kiasi gani wala chenji ilipaswa kuwa ngapi. Ninakujibu kama mama wa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao nimezoea kwenda nao soko la Ilala hapa Dar es Salaam. Jambo ninaloomba ulizingatie kuliko mengine yote ni kwamba mtoto anayemfuata mzazi sokoni akiwa amebeba kikapu tu hajifunzi zaidi ya kubeba kikapu. Huanza kujifunza siku anapokabidhiwa sehemu yake ya manunuzi pamoja na fedha ya sehemu hiyo, na mzazi akakaa kando akanyamaza.

Kazi huanzia nyumbani. Kabla hamjatoka, mwambie atazame chombo cha unga, cha sukari na chupa ya mafuta, kisha aandike mwenyewe kilichopungua na kiasi kinachotosha hadi safari nyingine. Katika orodha hiyo mpe vitu viwili au vitatu viwe vyake, tuseme nyanya, vitunguu na maharage.

Kuhusu chenji, ambayo ndiyo shida yako kubwa, usimfundishe kutoa kwa kichwa. Mfundishe kuhesabu kwa kupanda. Watoto wengi wanaotoa vizuri wakiwa na kalamu hukwama mbele ya muuzaji, kwa kuwa watu wanasubiri nyuma yao na hofu inawaingia. Ikiwa bei ni shilingi 3,200 naye ametoa noti ya 5,000, aanzie kwenye 3,200: sarafu ya 200 na ya 100 zinamfikisha 3,500, sarafu ya 500 inamfikisha 4,000, na noti ya 1,000 inamfikisha 5,000. Alichopokea njiani ni 1,800, nayo ndiyo chenji yake. Fanyeni zoezi hili mezani kwa sarafu halisi hadi mkono wake uzoee, na awe na desturi ya kuhesabu chenji palepale kabla hajaondoka, bila kuona aibu.

Somo la vipimo ni pana, na ninaamini soko hulifundisha vizuri kuliko ubao. Robo kilo anaiona kwenye mizani kuwa ni gramu 250, na sehemu ambazo shuleni zilikuwa namba tupu zinapata uzito mkononi. Mwonyeshe kwamba mshale unapaswa kusimama kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa, na mwonyeshe stika ya Wakala wa Vipimo inayothibitisha kwamba mizani imehakikiwa. Fungu la nyanya, kwa upande mwingine, halina uzito maalumu, hivyo inambidi alinganishe mafungu ya wauzaji wawili kwa macho, akiangalia ukubwa wa nyanya, idadi yake na hali ya zile zilizo chini. Uamuzi wa aina hiyo haupatikani kwa kanuni. Hupatikana kwa kurudia.

Katika kuchagua, mweleze sababu, si amri tu. Nyanya za kupika leo zinaweza kuwa zimeiva sana, ila za kukaa siku kadhaa ziwe ngumu kidogo. Maharage yaliyobunguliwa yana matundu madogo. Samaki mbichi ana macho angavu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Nazi nzuri ikitikiswa husikika maji. Kwa vitu vya pakiti, asome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kuangalia picha. Akishachagua, pika alichochagua, hata kama wewe ungechukua kingine, maana ukikibadilisha mbele ya muuzaji umemnyang'anya kazi uliyompa.

Adabu nayo ni sehemu ya somo. Aanze kwa salamu, shikamoo kwa aliyemzidi umri, ndipo aulize bei. Aombe kupunguziwa kwa upole na akubali jibu atakalopewa, kwa sababu muuzaji naye ana watoto wa kulisha. Ninasisitiza kwamba haya ni ya wavulana sawasawa na wasichana. Kumwacha mvulana nyumbani akicheza huku dada yake akijifunza bei ya unga ni kumdhulumu.

Kwa mwanao, anza na genge la karibu na nyumbani, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, wewe ukisimama hatua chache nyuma. Akiizoea kazi hiyo, nendeni soko kubwa, lakini kwanza ahifadhi kichwani namba yako ya simu na jina lako kamili, na mkubaliane kwamba mkipotezana ataenda kwa muuzaji mnayemfahamu na kusubiri hapo hapo hadi umfikie.