Usiuze bodaboda kwa sababu ya mikwaruzo

Jumanne iliyopita, saa tano usiku, nilikuwa najiandaa kulala nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro. Mchana anaendesha bodaboda, usiku anatengeneza biti chumbani kwake. Aliandika hivi: "Kaka shikamoo. Kompyuta yangu nikifika traki ya saba sauti inaanza kukwaruza, nikiongeza plagini inaganda kabisa. Nimepata mtu wa kununua pikipiki yangu ili ninunue laptopu mpya. Unanishauri nichukue ipi?"

Kwa asiyejua: traki ni mstari mmoja wa sauti ndani ya wimbo, na plagini ni programu ndogo unayoongeza ili kutoa au kubadilisha sauti. Usingizi ukaisha palepale. Nikamjibu neno moja: usiuze. Kisha nikaongeza: tafadhali mdogo wangu, usiuze chochote mpaka kesho tuongee. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyomweleza kesho yake, pamoja na mengine ambayo sikumweleza kwa sababu yananiuma kuyasema kwa mdomo.

Mwaka 2016 niliuza cherehani ya mama yangu.

Wakati ule nilikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoichukua Kariakoo, RAM GB 4, na studio yangu ilikuwa chumba kimoja Tandika. Godoro limesimamishwa ukutani, mablanketi mawili yananing'inia mlangoni, maiki imefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo. Nilikuwa na rafiki tuliyekua naye mtaa mmoja, mwenye sauti ambayo mpaka leo sijaisikia kwa mtu mwingine. Tulikuwa na wimbo. Kiitikio chake tulikitunga pamoja, barazani kwao, usiku umeme umekatika, yeye anapiga kofi mimi natafuta maneno.

Siku ya kurekodi sauti ikaanza kukwaruza. Kama umewahi kusikia tone la maji likidondokea mafuta ya moto, basi ndiyo sauti yenyewe: tka, tka, tka, juu ya biti nzima. Na si hilo tu. Akiimba, sauti yake inamfikia kwenye hedifoni imechelewa, anajisikia mwenyewe kama mtu anayemfuata nyuma, anasita, anapoteza pumzi. Tulirudia mara kumi na mbili. Saa nane usiku alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akaniambia, "Kaka, hii kompyuta ni ya kuchapia barua."

Hakurudi. Miezi michache baadaye, niko kwenye daladala ya Mbagala, redio ya dereva ikapiga kiitikio kile kile. Kimerekodiwa kwingine, kisafi, kimetulia. Sijawahi kumdai kitu na sitamdai. Lakini kila nikiusikia wimbo ule nageuza uso dirishani mpaka uishe.

Basi nikaamini adui yangu ni kompyuta. Nikamwendea mama. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, ndiyo iliyonivalisha sare za shule na kulipa michango yote. Hakuniuliza maswali mengi. Aliifuta vumbi, akaifunika kanga, akasema, "Kama ndiyo kazi yako, chukua." Tukaiuza 280,000, nikajumlisha na akiba yangu, nikanunua laptopu. Usiku wa kwanza nikaweka programu, nikafungua biti ileile, nikabonyeza kitufe cha kupiga.

Ilipofika traki ya saba: tka, tka, tka.

Sina maneno ya kueleza usiku ule. Nilizima taa nikakaa gizani na ile laptopu mapajani ikiwa bado na joto.

Aliyenitoa hapo ni fundi mitambo wa kanisa moja jirani, baba mtu mzima, mpole, hana studio wala jina. Nilimweleza yote, akaniuliza swali moja: "Bafa yako umeiweka ngapi, na unatumia dreva gani?" Nikabaki namtazama. Nilikuwa nimetengeneza biti miaka mitatu na sijui bafa ni nini. Akavuta kiti, akafungua mipangilio ya sauti, akabadilisha vitu viwili. Chai niliyomwekea ilikuwa bado haijapoa. Biti ikapiga mwanzo mpaka mwisho bila mkwaruzo hata mmoja. Kisha akasema kitu ambacho hakukusudia kuniumiza: "Na ile ya mezani ungeirekebisha hivihivi."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Chukulia mama anayepika chapati na mteja anayekula bila kusimama. Kompyuta ndiyo mpishi, spika ndiyo mteja, bafa ni sahani iliyo katikati yao. Sahani ikiwa ya chapati moja tu, mpishi akigeuka kidogo kuchochea moto, mteja anakuta sahani tupu. Ile sahani tupu ndiyo mkwaruzo unaousikia. Ukiweka sahani ya chapati kumi, haiwi tupu upesi, ila chapati anayokula mteja ilipikwa zamani kidogo. Huko ndiko kuchelewa kwa sauti. Kwa hiyo hakuna namba moja sahihi ya bafa. Ipo namba ya kurekodi na ipo namba ya kumiksi, yaani kusawazisha sauti zilizokwisha kurekodiwa.

Kwa hesabu: sauti ya kawaida ya CD ina sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Bafa ya sampuli 128 ni kama milisekunde 3, ya 512 ni kama 12, ya 2048 ni kama 46. Milisekunde 46 unaweza kuona ni kitu kidogo. Lakini sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo ni sawa na kupiga kinanda ambacho spika yake iko mita 16 kutoka ulipokaa. Hapo sijahesabu muda wa sauti kuingia kupitia maiki. Sisi tunaotengeneza singeli tunalijua hili kwa mwili kabla ya kulijua kwa kichwa: biti ikiwa na mapigo 200 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 300, na robo ya pigo ni 75. Ukichelewa 46, umeshapita nusu ya njia kuelekea ngoma inayofuata. Ndiyo maana rafiki yangu alikuwa anasita. Hakukosea yeye. Nilikosea mimi niliyemwekea bafa ya kumiksi bila kujua, nikamtaka arekodi. Mikwaruzo nayo ilikuwa na chanzo cha pili, dreva, nakuja nayo.

Unaporekodi au kupiga kinanda, weka 128 au 256. Ukimaliza kurekodi na sasa unapanga na kumiksi, panda 1024 au hata 2048, maana hakuna anayeimba tena, acha sahani iwe kubwa. Kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza biti, utaikuta Options, kisha Audio Settings. Hapohapo kuna mahali pameandikwa Underruns, panahesabu ni mara ngapi sahani imekutwa tupu. Usisikilize kwa masikio peke yake. Angalia namba ile. Ikipanda, bafa bado ndogo. Ikisimama, umefika.

Kitu cha pili alichobadilisha yule baba ni dreva, programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza na kutoa sauti. Nilikuwa nimeacha ile ya kawaida ya Windows, iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayeangalia video na kusikiliza redio. Kazi yetu inataka dreva ya ASIO, inayopita njia fupi kutoka kwenye programu mpaka kwenye kadi ya sauti. Kama una kadi ya sauti ya nje, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wake, chukua dreva ya ASIO ya kadi hiyohiyo. Kama huna, FL Studio inakuja na FL Studio ASIO yake, na ipo ASIO4ALL ya bure. Chagua moja. Usirundike dreva tatu halafu ukashangaa zinagombania maiki.

Kuna somo jingine nililipia kwa aibu. Niliwahi kumrekodi dada mmoja wa kaswida, tukafanya kazi safi kabisa, nikampelekea mwalimu wake asikilize kwenye kompyuta nyingine. Sauti ya yule dada ikatoka nzito na ya kuvuta, kama mtu aliyetoka kuumwa. Kumbe kadi yangu ya sauti ilikuwa inafanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na programu inaamini ni 44,100. Wakati wa kurekodi biti ilikwenda mbio na juu zaidi, naye akaifuata kwa uaminifu. Ilipopigwa mahali penye namba sahihi, biti ikarudi mahali pake na sauti yake ikashuka karibu robo tatu ya toni. Tulirekodi upya, bure. Tangu siku hiyo, kabla sijawasha maiki nahakikisha namba ya kwenye programu, ya kwenye kadi na ya kwenye mipangilio ya sauti ya Windows ni moja. Nusu dakika haifiki.

Mengine ni madogo. Laptopu ikiwa kwenye mpangilio wa kubana betri, kichakataji kinapunguzwa kasi, kwa hiyo chomeka chaja na chagua mpangilio wa nguvu kamili. Zima Wi-Fi unaporekodi, dreva zake mara nyingi humkata mpishi katikati ya kazi. LatencyMon ni programu ya bure itakayokuonyesha dreva gani inakuchelewesha. Plagini nzito uliyomaliza kuipanga igeuze kuwa sauti ya kawaida kwenye traki, kisha izime. Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, chomoa chaja kwa dakika moja: mngurumo ukinyamaza, ni chaja au umeme wa soketi yako, wala usihangaike na programu.

Muhimu kuliko yote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike. Nina daftari la shule la kurasa 96, kila badiliko nimeliandika na tarehe. Vijana mnabadilisha vitu sita kwa mkupuo, kikikaa sawa hamjui kipi kimeponya, kikiharibika hamjui kipi kimeua.

Na hizi programu za wizi. Hapa nitasema kwa ukali kwa sababu nawapenda. Mwaka 2018 nilipewa flashi yenye plagini ya kurekebisha sauti, iliyovunjwa kufuli, na maelekezo yalisema zima antivairasi kwanza. Nikazima. Siku mbili baadaye kila faili ilikuwa na mkia wa herufi nisizozijua na ujumbe wa kudai pesa. Projekti 41. Mojawapo ilikuwa na sauti ya kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa ameshafariki, na mama yake alikuwa ameniomba nakala. Ilibidi nimwendee yule mama nyumbani kwake, nikae mkekani, nimwambie haipo tena. Mtu akuambie zima ulinzi wako ndipo kitu chake kifanye kazi, nawe ukubali? Mwizi gani amewahi kukuomba ufungue komeo mwenyewe?

Msiniambie hakuna njia. Reaper, programu nyingine ya kurekodi, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kutengeneza biti na kuitoa kama faili ya sauti. Projekti uliyohifadhi ndiyo haitafunguka tena mpaka ununue, basi maliza biti yako kwa kikao kimoja, itakufundisha kuamua. Ukiinunua, matoleo yote yajayo unapewa bila kulipa tena. Mimi nilinunua leseni yangu kwa kuweka elfu tano tano kwenye kopo. Ilichukua muda mrefu. Na kila kazi sasa ina nakala mbili, moja kwenye diski ya nje, nyingine kwa dada yangu Temeke.

Je, kuna siku kompyuta yenyewe ndiyo mbovu? Ipo. Bafa iko 2048, dreva ni ya ASIO, Wi-Fi imezimwa, plagini nzito umezigeuza, na bado kipimo cha kichakataji kimejaa. Hapo mashine imefika mwisho wake. Kama tatizo ni programu kuchelewa kufunguka na faili kubwa za sauti kusuasua, anza na RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kasi), ni nafuu mno kuliko mashine nzima. Lakini wengi wanaoniandikia hawajafika huko. Wamefika mimi nilipofika siku ile ya cherehani, mbele ya namba ambayo hakuna aliyewaambia waiangalie.

Ile laptopu imenilisha. Mwaka jana nilimnunulia mama cherehani nyingine, ya umeme. Anaitumia na ananishukuru, lakini nimemsikia akimwambia jirani kwamba ile ya zamani ilikuwa na mshono mzuri zaidi.

Kijana wa Morogoro aliniandikia juzi. Dreva ilikuwa ya kawaida, bafa ilikuwa 256, na alikuwa na plagini tatu za mwangwi, kila moja kwenye traki yake. Amebadilisha dreva tu, kama nilivyomwambia, bila kugusa kingine. Underruns imeshuka kutoka mia tatu na kitu hadi kumi na nne kwa wimbo mzima. Mnunuzi wa pikipiki bado anampigia simu. Leo akirudi kijiweni atapandisha bafa, atazigeuza zile traki za mwangwi, na atanitumia namba mpya. Jumamosi nina kwaya mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo simu yangu iko wazi kwake.