Waulize Wajuzi: Mimbari, Baraza na Sanduku la Kura

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne 10 Agosti 2027, na barua za siasa za mitaani zimeanza kuingia mapema. Mwezi huu tunajibu nne, kutoka Malindi na Lamu.

Mwaka 2022 tulimpigania kijana wetu kiti cha mwakilishi wadi hapa Ganda. Mikutano ilifurika, bodaboda zikaziba barabara, lakini sandukuni hatukuona kitu. Mpinzani wetu hakuitisha mkutano mkubwa hata mmoja, alionekana makanisani na matangani tu. Tulikosea wapi? (Katibu wa vijana, Ganda, Malindi)

Ndugu katibu, mpinzani wenu alikuwa akihesabu majina, nyinyi mkihesabu pikipiki. Anayejaa mkutanoni si lazima awe amejiandikisha Ganda. Kura yake huenda iko Jilore, Kakuyuni au Malindi mjini, na kwa kiti cha wadi mtu huyo hakufai hata akikesha akiimba jina lako. Tena bodaboda ukimtia mafuta leo, kesho atatiwa na mwenzako.

Anzeni na sajili ya wapigakura. Kituo kimoja hakizidi watu 700, kwa hiyo wadi yenye wapigakura 14,000, kwa mfano, ina vituo visivyopungua 20. Kila kituo kikigawiwa waenezi 20, kila mmoja anabaki na majina kama 35. Majina hayo asipewe mtu kwa kuwa ana sauti kubwa, apewe anayejua mlango wa kila mmoja na siku ambayo mwenye nyumba hurudi kutoka shamba. Apite mara tatu. Mara ya kwanza ni kujua nani yupo, nani amehamia Mombasa na nani amefariki. Mara ya pili, mwezi mmoja kabla ya kura, atie alama: wetu, anayesita, wa wenzetu. Mara ya tatu ni wiki ya mwisho, na hapo aende kwa wanaosita peke yao. Kwa aliyekwisha kuamua, mnapoteza viatu bure.

Kazi hii huharibika mahali pamoja panapojulikana. Mwenezi huandika wote ni "wetu" ili asionekane mvivu, mgombea akalala usingizi mnono mpaka siku ya kuhesabu. Dawa yake ni ndogo: chagueni majina matano katika kila orodha, mtume mtu mwingine kimyakimya. Wawili kati ya hao watano wakitoa habari tofauti na za orodha, orodha nzima irudiwe, na mwenezi abadilishwe bila kelele.

Sasa hayo makanisa na matanga. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, umoja wa akina mama, kamati ya msikiti, chama cha kuzikana: vyote vina daftari la majina, mweka hazina anayejulikana na siku ya kukutana isiyobadilika. Chama cha siasa hutumia miezi na fedha kujenga kitu kama hicho, na kwa kawaida hakifiki nusu yake. Kwa sababu hiyo anayekaa matangani hadi jioni, akala na watu na kutaja jina la marehemu bila kusoma karatasi, anapata anachokikosa mwenye vipaza sauti kumi. Lakini wengi wanapofika hapo humpa kiongozi bahasha, wakadhani wamenunua chama kizima. Bahasha haina siri katika kijiji. Wanachama wakisikia (nao husikia kabla ya jua kutua) kiongozi anapoteza heshima na mgombea anapoteza kiongozi na wanachama pia. Kinachoombwa kwa watu hawa ni dakika kumi mwisho wa kikao, na kukubali kuulizwa maswali mbele ya wote.

Neno moja kuhusu mawakala, maana barua yenu haikuwataja kabisa. Kila kituo kinahitaji wakala wenu mmoja, na matokeo ya mwakilishi wadi huandikwa katika Fomu 36A. Wakala apate nakala, kisha nakala nyingine ibandikwe mlangoni. Akigoma kutia saini kwa hasira, kugoma peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo afadhali aseme pingamizi lake liandikwe. Mpelekeeni chakula hukohuko. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni na kuhesabu huendelea usiku. Wakala aliyetoka kutafuta wali saa mbili usiku hawezi kusimulia kilichofanyika saa mbili usiku.

Mimi ni imamu msaidizi. Wagombea wawili, wote waumini wa msikiti wetu, wanataka niwataje katika khutba. Sheria inasemaje, na busara je? (Mkomani, Lamu)

Shekhe, Katiba haimnyimi mwanachuoni rai yake. Inachokataza, katika kifungu cha 91, ni chama cha siasa kuundwa juu ya msingi wa dini, kabila au eneo. Hoja hiyo ya dini ni ya zamani: mwaka 1992 chama cha Kiislamu cha IPK, kilichoanzia Mombasa, kilinyimwa usajili, na wafuasi wake wengi wakapeleka nguvu zao kwa chama kingine, FORD-Kenya. Ndiyo sura ya Pwani tangu hapo. Vuguvugu la dini haliingii debeni kwa jina lake, huazima chama cha mtu.

Mpaka wa kuchunga uko katika Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016. Kumtisha mpigakura kwa madhara ya mali, ya mwili au ya kiroho ni kosa. Ukihimiza watu wajiandikishe, wakatae rushwa na wamtafute mwaminifu, uko salama. Ukisema "asiyempigia fulani hana dini," unaukanyaga mpaka.

Busara ni nzito kuliko sheria hapa. Msikiti una wenye kusoma maulidi na wasiosoma, una wa Mkomani na wa Langoni, na hao wote husali safu moja kwa sababu mimbari haijawagawa. Tazama pia kalenda. Mfunguo sita, mwezi wa maulidi, unatarajiwa kuandama siku chache tu kabla ya kura, kwa hiyo maulidi ya mitaa yatakuwa yameanza, na kila mgombea atataka kuchinja ng'ombe. Kamati iamue mapema kwamba mchango unapokelewa na mweka hazina, unaandikwa, na mtoaji hapewi kipaza sauti. Amri hiyo itolewe sasa, kabla hajajulikana nani atakayeleta ng'ombe mkubwa.

Na mkitaka ahadi kutoka kwa mgombea, iandikwe na isomwe hadharani. Mwaka 2007 Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF, walitia saini makubaliano ambayo hayakutangazwa mara moja. Kabla ya waraka wenyewe kutolewa Novemba, tayari lilikuwa likizunguka toleo jingine lenye madai ya sharia, na viongozi wa makanisa wakaingiwa na wasiwasi. Karatasi ya siri huandikiwa maneno na adui.

Nilipewa shilingi elfu moja nikaapishwa kwa msahafu kwamba nitampigia mtu fulani. Sasa simtaki. Je, kiapo kinanifunga? Na atajua? (Mama wa watoto wanne, Faza)

Bi, hatajua. Karatasi ya kura haina jina lako. Ukifuatwa na mtu anayetaka kuingia nawe kibandani "akusaidie," mkatae. Msaidizi ni wa asiyejiweza au asiyeweza kusoma, humchagua mwenyewe, na msaidizi mmoja humsaidia mpigakura mmoja tu. Wale wanaoleta bibi kumi na kuwapigia wote wanavunja sheria, na wakala yeyote anaweza kupinga palepale.

Kisheria, kutoa na kupokea fedha kwa ajili ya kura ni makosa yote mawili. Kwa hiyo usizidishe: usichukue tena, wala usimpe mtu kitambulisho chako "akuwekee." Hiyo ndiyo mbinu ya pili baada ya kiapo, maana bila kitambulisho ulichojiandikishia hupigi kura. Kwa upande wa dini, mafundisho mashuhuri ni kwamba aliyeapa kisha akaona jambo jingine ni bora, afanye lililo bora na atoe kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Mweleze kadhi au shekhe unayemwamini namna ulivyoapa, neno kwa neno, maana hukumu hufuata matamshi.

Mbinu hii hupendwa visiwani kwa sababu ni rahisi. Kiapo kimoja hulinda elfu moja ambayo vinginevyo ingeliwa na mpokeaji akapiga anavyotaka. Kwa hiyo hushambulia watu wacha Mungu zaidi, na walaghai hucheka tu.

Tunasimamia mawakala wa mgombea binafsi wa kiti cha wadi upande wa Kiunga. Tujipangeje? (Kizingitini)

Kwanza, hakikisheni ugombea wenyewe: saini za wapigakura 500 wa wadi hiyo ambao si wanachama wa chama chochote, na mgombea asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya kura. Kusanyeni 700, maana zitakatwa. Wengi husajiliwa vyamani bila kujua.

Kisha bahari. Agosti ni kusi, na ng'ambo ya visiwa mawimbi ni ya kweli. Siku ya kura mwezi mwandamo utakuwa wa siku sita au saba, siku za maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Mlango wa Mkanda, ule mfereji kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika maji yakijaa, na kujaa kwa maji mafu ni kudogo, kwa hiyo chombo kilichosheheni kisitegemee kupenya saa yoyote nahodha apendayo. Mawakala wa Kiunga watoke Lamu Jumapili. Jumatatu iwe akiba ya upepo na injini, na kila boti ichukue mafuta ya kwenda na kurudi, plagi za akiba, na bahasha za plastiki za kutilia nakala za Fomu 36A. Karatasi iliyoingia maji ya chumvi haisomeki mahakamani, na kesi ya mwakilishi wadi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, pamoja na dhamana ya shilingi 100,000.