Maswali ya Wavuvi: Fimbo ya Minyoo na Jigi

SWALI: Assalaam alaykum. Shemeji yangu anayeishi Marekani kaniletea fimbo ya kuvulia. Juu ya mpini imeandikwa 7'0" MH F, 1/4–3/4 oz, 10–20 lb. Kaniambia ni ya kuvulia samaki aitwaye bass, kwa minyoo ya mpira na jigi. Mimi nimezoea mshipi wa mkono. Itanifaa kwa chewa na changu, au niitundike ukutani iwe pambo?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykum salaam. Usiitundike, ila isome kwanza, maana nusu ya jibu unayo hapo juu ya mpini.

7'0" ni urefu, futi 7, kama mita 2.13. MH ni nguvu yake: imezidi wastani kidogo, haijafika kuwa nzito. F ni namna inavyopinda: theluthi ya juu ndiyo inayoinama, huku chini imekaza. Alama ya oz ni wakia, na robo wakia mpaka robo tatu ni gramu 7 mpaka 21. Huo ni uzito wa kile unachorusha, risasi na mpira wake kwa pamoja. Alama ya lb ni ratili, na hapo inazungumzwa nguvu ya mshipi, kilo 4.5 mpaka 9. Wengi huidhania hiyo ya mwisho kuwa ni uzito wa samaki. Sivyo, na fimbo nyingi zimevunjwa kwa kosa hilo.

Sasa huyo bass. Ni samaki wa maji baridi, wa maziwa na mito ya Marekani. Aliye karibu nasi yuko Ziwa Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Hukaa chini penye magogo na majani, na mnyoo akimpitia mbele humvuta mdomoni pamoja na maji, kisha akishuku humtema. Mvuvi husikia "tk" moja tu, au huona mshipi umekwenda upande bila sababu. Tena ncha ya ndoana ya mnyoo imefichwa ndani ya mpira ili isinase majani, kwa hiyo ukivuta lazima itoboe mpira kwanza, ndipo ifike kwenye taya. Jigi nayo, ambayo ni risasi iliyomiminwa kwenye shingo ya ndoana, huwa na kibrashi cha nywele ngumu kinachoikinga ndoana vile vile. Ndiyo maana fimbo ya kazi hii ina ncha nyepesi ya kusikia na shina gumu la kutoboa.

Wewe wa mshipi wa mkono hayo unayajua tangu zamani. Mshipi unapita juu ya kidole cha shahada, na kidole ndicho kinachokwambia kama ni changu anadonoa au ni chubwi linagonga jiwe. Fimbo nzuri ya jigi ni kidole hicho kilichorefushwa.

Basi kwa changu, tasi na chewa wa kiasi, kwenye maji ya pima 2 mpaka 5, kandokando ya mwamba, fimbo yako inafaa sana. Panapoishinda ni kwenye mkondo. Siku za bamvua maji yakiwa yanakwenda, gramu 21 hazifiki chini, na zikifika hazikai. Kipimo chake: teremsha jigi mpaka mshipi ulegee, kisha utazame. Ukiwa umelala kupita digrii 45, huisikii tena jigi, unausikia mkondo. Usijaribu kutibu hilo kwa risasi ya gramu 60, maana ukiirusha kwa nguvu ncha huenda ikakatika hewani. Nenda siku za maji mafu, au ngojea muda ule maji yanapotulia kabla ya kugeuka.

Chewa ana tabia moja ambayo bass hana: akishameza hurudi pangoni, na akitanua mapezi na mashavu humtoi. Kwa hiyo ukisikia "tk", usingoje la pili. Zungusha rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kuondoa ulegevu, nyanyua fimbo kwa nguvu mara moja, halafu endelea kuzungusha, umpandishe mita mbili za kwanza kabla hajajua kumetokea nini. Breki ya rili ikae kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa ratili 20 ni kama kilo 3. Usikisie: funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta, na ukaze breki mpaka mshipi uanze kutoka mizani ikisoma kilo 3.

Mshipi wenyewe uwe wa kusuka, kwa sababu hauvutiki na unaleta habari zote mkononi. Lakini huo ukigusa tumbawe umekwisha. Mbele yake unga mita moja na nusu ya fluorokaboni, ambayo ni mshipi wa plastiki unaostahimili kukwaruzwa, au nailoni ngumu.

SWALI: Nataka kununua fimbo ya namna hiyo. Dukani wananionyesha ya kaboni na ya faiba (nyuzi za kioo), na nyingine rili inakaa juu, nyingine inaning'inia chini. Nichukue ipi, na nitajuaje kuwa haina kasoro?
*Msomaji, Nungwi*

JIBU: Kwa jigi na minyoo, kaboni. Faiba ni ngumu kuvunjika, lakini inalegea mpaka karibu na mpini na inameza ule mguso mdogo unaoutafuta. Faiba ina kazi yake, kwa mfano vile visamaki bandia vyenye ndoana za meno matatu, ambavyo vikivutwa kwa fimbo kakamavu humchana samaki mdomo. Angalizo la kaboni: inapitisha umeme. Radi za masika zikianza, ilaze chini, na usiisimamishe karibu na nyaya.

Rili chukua ya kuning'inia chini. Ile ya juu ina nguvu na hulenga vizuri, lakini kidole gumba kikichelewa kuizuia, au upepo wa kusi ukikupiga usoni, mshipi hufumana na nusu saa nzima utakuwa unafumua. Kumbuka fimbo na rili huenda pamoja: fimbo yenye kikucha cha kidole chini ya mpini ni ya rili ya juu. Ukiifunga rili ya chini, pete zake ndogo zinazopitisha mshipi zitaukwaruza.

Kasoro zitafute hivi. Ichungulie fimbo kuanzia kwenye mpini kama seremala anavyochungulia ubao, uone kama imenyooka. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete: ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi siku utakapompata samaki. Kisha funga chupa ya maji ya lita moja mwisho wa mshipi na uinyanyue taratibu, fimbo ikiwa nusu ya kusimama. Ya jigi itainama juu na kunyooka chini. Ikipinda yote mpaka mpini kama upinde, rudisha, hata kama kibandiko kinasema F.

Ya vipande viwili inatosha. Wapo wanaoapa kuwa kipande kimoja ndicho kinachosikia, lakini hawajaingia nayo kwenye daladala la Nungwi saa kumi na mbili asubuhi.

SWALI: Fimbo yangu ya kaboni imekatika inchi nane kutoka nchani nikimpandisha kolekole wa kilo mbili. Muuzaji anasema samaki alikuwa mzito. Kweli?
*Msomaji, Mkoani*

JIBU: Si kweli, lakini huenda kosa si la fimbo pia. Kolekole akifika ubavuni mwa chombo, watu husimamisha fimbo wima, au huirudisha nyuma kichwani, ili wamfikie. Hapo shina halibebi chochote, uzito wote unaangukia zile inchi za mwisho ambazo ni nyembamba kama kijiti. Fimbo isipite nusu ya kusimama samaki akiwa karibu. Mshike kwa wavu, au ushike mshipi kwa mkono, kama ulivyofanya kabla hujawa na fimbo.

Sababu ya pili haionekani kirahisi. Jigi iliyoachwa ikining'inia hugonga mwili wa fimbo njia nzima chombo kinapopiga mawimbi, na kila pigo huacha jeraha dogo kwenye kaboni. Inakatika siku nyingine, mahali pale pale. Pitisha ukucha taratibu kwenye kile kipande kilichobaki: ukikwama penye alama, usiitumie kabla haijatazamwa na fundi. Vinginevyo sawazisha ncha kwa msasa laini, ubandike pete mpya ya ncha kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto. Itavua tena, ila itakuwa ngumu zaidi na haitasikia vizuri kama zamani.

SWALI: Kila nikirusha mnyoo wa mpira unarudi bila mkia, umekatwa kama kwa mkasi. Nibadilishe ndoana?
*Msomaji, Kizimkazi*

JIBU: Ndoana haina kosa, umemkuta bunju. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, na anauma mkia bila kufika kwenye ndoana. Mnyoo mfupi zaidi, wa inchi 3, utapunguza hasara. Lakini wakishakusanyika ni bora usogeze chombo hatua mia na uanze upya, kwani wewe utaishiwa na minyoo kabla wao hawajashiba.