Mume wangu amerudi kutoka vitani, lakini usiku bado anapigana

*Mume wangu ni askari. Alirudi Lubumbashi miezi mitano iliyopita kutoka vita vya Kivu ya Kaskazini. Hana jeraha, lakini usiku anapiga kelele, radi ikipiga anajitupa chini, na bila lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hapati usingizi. Wazee wanasema ni roho za waliokufa. Je, waganga wetu wa hospitali wako tayari kwa ugonjwa kama huu? Mama wa watoto wawili, Katuba.*

Mama wa Katuba,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa sitaki uende hospitalini na matumaini ya uongo: hapana, hawako tayari kwa kadiri inayohitajika. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani amezoea malaria, uzazi na chanjo, na akiambiwa kwamba mtu halali, mara nyingi huandika dawa ya usingizi na kumrudisha nyumbani. Hapo uwe macho, maana valiamu haitibu kiwewe cha vita, mwili huizoea upesi, na ikichanganyika na lutuku inaweza kumkatia mtu pumzi.

Hata hivyo, mji wetu haukosi kabisa pa kwenda. Kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, ingawa najua jina hilo linavyowatisha watu, kana kwamba anayeingia mlangoni pake ameshaitwa kichaa. Mambo unayoyaeleza yanafanana na ugonjwa wa kiwewe (PTSD), ambao madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na ambao hutambuliwa pale jinamizi, mishtuko na kuepa kumbukumbu vinapodumu zaidi ya mwezi mmoja. Daktari ndiye atakayethibitisha. Wewe mweleze pia kiasi cha pombe, bila kuficha. Tiba yenyewe hasa ni mazungumzo ya mpangilio, ambamo mgonjwa husimulia aliyoyaona hatua kwa hatua, na njia hiyo imewahi kutumiwa kwa wapiganaji wa zamani huko mashariki mwa nchi yetu.

Kwa wazee sina ugomvi. Babu zao waliopigana Tabora mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, nani aliwauliza wanaota nini? Maombi yaendelee, mradi mumeo asifungwe kamba wala kulazimishwa kufunga chakula.

Huenda atakataa kwenda, akihofia cheo chake. Zungumza naye asubuhi, kabla hajanywa, na umtajie usingizi tu, usitaje akili. Ikiwa bunduki inalala nyumbani, tafuta mkubwa wake anayemheshimu, aombe ihifadhiwe kambini. Na siku atakapotamka kwamba heri afe, nendeni hospitalini siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Akipiga kelele usiku, usimshike. Washa taa, simama mbali kidogo, umwite kwa jina lake na kumwambia yuko Katuba, kwake. Watoto walale chumba kingine.